Dakika Nne za Mwalimu Absalom Oyugi

Mchungaji, wazee wa ukoo, mashemeji mliotoka Bungoma, walimu, majirani wa Nyalenda, na akina mama wa Dunga mlioacha biashara ya Jumamosi mkaja kumsindikiza pamoja nasi, familia imemchagua Debra, kifungua mimba wa Marehemu, aisome historia hii, na kwa kuwa Marehemu alifundisha maisha yake yote kwamba anayesimulia habari za mwingine asijitangulize, Debra naye ataitwa Debra, kana kwamba ni mtu mwingine kabisa. Atasoma polepole na kutua penye nukta, maana aliyelala hapa mbele yetu alikuwa mtahini wa kuongea kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kusoma kitu mbele yake asipewe alama. Jambo moja lisemwe mapema, ili wageni wasituone watu wa ajabu: leo familia hii ina huzuni, lakini zaidi ya huzuni ina nafuu, na kabla hatujafika mwisho mtajua ni kwa nini.

Marehemu Mwalimu Absalom Oyugi alizaliwa tarehe 3 Mei 1956 katika boma hili hili, nje kidogo ya Ahero, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Ogola na marehemu Mama Perpetua Akeyo, katika msimu ambao maji yalikuwa yameingia hadi mlangoni, na mama yake akajifungulia juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Alichelewa kuongea. Ndugu zake wanasema hadi miaka mitatu alikuwa akionyesha kwa kidole tu, majirani wakaanza kumhurumia Mama Akeyo, kisha asubuhi moja akatamka sentensi nzima ya Kiluo, iliyohusu kuku aliyekuwa juu ya chakula, na tangu siku hiyo hakupumzika tena.

Alisoma shule ya msingi hapa Ahero kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaendelea na shule ya sekondari mjini Kisumu kuanzia 1970 hadi 1973, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1976. Kiswahili chake cha kwanza hakikutoka darasani. Alikipata kutoka kwa madereva wa trekta na vibarua waliokuja kuchimba mifereji ya mpunga, watu wa kila kabila ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kusikilizana, na alipokipeleka shuleni jinsi alivyokipokea, kikiwa kimejaa matusi ya trekta lililokwama, alicharazwa viboko sita. Alipenda kutuambia kwamba aliyemcharaza hakuwa na ufasaha wa wale madereva hata kwa nusu.

Mwaka 1977 alipelekwa kufundisha shule moja ya msingi karibu na Bungoma, mahali ambapo hakuna aliyejua Kiluo, naye hakujua Kibukusu, na huko akakutana na mwalimu mwenzake, Rachael Nakhungu, mama yetu, ambaye yuko nasi hapa mbele. Wawili hao walichumbiana kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya nyumbani kwa yeyote kati yao, na Mama anasema kwamba ugomvi wao wa kwanza uliisha haraka kwa sababu wote wawili waliishiwa maneno, ingawa baadaye aligundua kwamba mwenzake alikuwa na akiba ya yale ya madereva wa trekta na aliyameza kwa heshima. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1980, na Mungu akawajalia watoto watatu, yaani Debra aliyezaliwa mwaka 1982, Opondo aliyezaliwa mwaka 1985, na Wakoli, aliyepewa jina la babu yake wa Bungoma, aliyezaliwa mwaka 1989.

Mwaka 1985 alihamishiwa Kisumu, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi wenu mlimjua kwayo, ya kufundisha watu wazima kuongea Kiswahili na ya kuwafundisha walimu wengine jinsi ya kufanya hivyo. Hakuwa na subira na mwalimu aliyeanza na ubao. Katika darasa lake mtu alianza kwa kubishana na fundi aliyemharibia nguo, kumweleza daktari mahali panapouma, kumkataza mgeni kwa upole asiketi kwenye kiti kibovu, na makosa yalingojea mpaka mtu amalize alichotaka kusema. Walimu wake aliwawekea sheria moja isiyovunjwa, kwamba mwanafunzi akikwama, mwalimu ahesabu hadi kumi moyoni kabla ya kufungua mdomo kumsaidia, na kuna watu wazima na heshima zao katika umati huu ambao bado wanahesabu.

Nyumbani hatukusalimika. Alitoa alama kwa sala ya kabla ya chakula, kwa hotuba za harusi, kwa wachuuzi waliobisha hodi, na ujumbe wa upande wa mume wa Debra ulipokuja kujitambulisha mwaka 2008, msemaji wao, mzee mwenye sauti nzito aliyekuwa amejiandaa kwa wiki mbili, alipata kumi na saba kwa ishirini, akakatwa tatu kwa kujirudia, na karatasi ya alama ikamfikia kwa bahati mbaya pamoja na soda.

Sasa tunafika mahali ambapo Marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe. Jumatano tarehe 11 Novemba 2009, alisimamia mtihani wa kuongea wa darasa la watu wazima lililokuwa likikutana katika ukumbi wa kanisa karibu na Dunga, na kwa mujibu wa taratibu alizoziandika kwa mkono wake, watahiniwa walivuta namba kutoka kwenye mkebe ili wapangwe wawili wawili, wakavuta na kadi ya mada, kisha wakaongea dakika nne mbele ya kinasa sauti, mtahini asiulize majina wala undugu, ili pasiwe na upendeleo. Mmoja wa watahiniwa alikuwa Mama Seline, muuza samaki wa Dunga, mwanamke ambaye darasa zima lilijua ndiye msemaji bora, na aliyekihitaji cheti hicho kwa sababu kikundi cha akina mama wauza samaki kilikuwa kimesema wazi kwamba hakitamchagua katibu asiyekuwa nacho. Namba yake ilikutana na namba ya Ouma, fundi wa mashua, na kadi waliyoivuta iliwataka wakaribishane chakula nyumbani.

Kile ambacho Mwalimu hakukijua, na ambacho sheria yake ilimzuia kukiuliza, ni kwamba wiki tano kabla ya siku hiyo Ouma alikuwa amemwoa binti wa Mama Seline. Wageni wetu waelewe kwamba kwa desturi ya huku mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaketi karibu wakapiga gumzo, na habari ya kula pamoja haisemwi hata kwa mzaha. Mama Seline aligeuza kiti chake akautazama ukuta, Ouma akakohoa mara moja akainamisha kichwa, na dakika nne zikapita kinasa sauti kikirekodi jogoo wa jirani. Wangeweza kueleza, mtu atasema, lakini kueleza kungekuwa ni kuanza kuongea, tena mbele ya watu, jambo lile lile walilokuwa wanalikwepa. Mwalimu, ambaye aliwafundisha wenzake kuhesabu hadi kumi, aliangalia saa, akafuata kigezo kilichosema kwamba asiyetamka neno hapati alama, akawapa wote wawili sufuri.

Ouma alirudia mtihani mwaka uliofuata, akapangwa na mtu mwingine, akafaulu. Mama Seline hakurudia. Alisema kwamba kurudia ni kukubali kuwa alishindwa, naye hakushindwa, na ukatibu ukaenda kwa mwingine.

Ukweli ulimfikia Marehemu Jumamosi tarehe 8 Machi 2014, ufuoni Dunga, alipokuwa akinunua samaki kwa Mama Seline, Ouma akapita na mbao begani, Mama Seline akageuka mara moja akajifunika kwa leso, na mama mwingine wa pale akacheka akamwambia, "Mwalimu, usishangae, huyo ni mkwe wake. Hiyo njia wakikutana hapo, mmoja lazima aingie majini." Debra alikuwa amefuatana naye siku hiyo, na anakumbuka jinsi baba yake alivyosimama na samaki wawili aina ya ngege mkononi, maji yakimdondokea viatuni, asiweze kusogea. Walipofika nyumbani alitafuta ile kanda ya mwaka 2009, akaisikiliza yote, jogoo na kikohozi na mkwaruzo wa kiti kikigeuzwa, kisha akamwambia Mama jikoni, "Rachael, nimemkata mtu alama kwa sababu ya heshima yake."

Wiki iliyofuata alikwenda Dunga kuomba radhi. Mama Seline hakumpa nafasi. "Mwalimu, hiyo maneno iliisha kitambo," alisema. "Leo unachukua samaki ngapi?" Na hayo yakawa maneno yake ya mwisho ya Kiswahili kwa Mwalimu kwa muda wa miaka minane, maana tangu siku hiyo alimuuzia samaki kwa neno moja tu la Kiluo, "Adi?", la kuuliza ni wangapi, na vidole. Marehemu alikwenda kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, akitafuta upenyo wa kulisema alilokuwa nalo, na akirudi na samaki, hata Opondo akafikia kusema hadharani kwamba kama Baba hasamehewi upesi basi familia itaota mapezi.

Lakini hakukaa bure. Alikuwa ameanza masomo ya uzamili huko Bondo mwaka 2012, akaacha mada aliyokuwa amekubaliwa, akaandika upya kuhusu kunyamaza katika mitihani ya kuongea, akasikiliza kanda mia mbili na kumi na sita, akawatafuta walionyamaza mmoja mmoja na kuwauliza kwa nini, na akakuta kwamba wengi wao walikuwa na maneno tele. Mmoja alikuwa amepangwa na bosi wake, mwingine alikuwa kwenye maombolezo, mwingine aliulizwa habari za mtoto aliyekwisha kumzika. Alihitimu mwaka 2015, akastaafu Mei 2016, na kutokana na utafiti huo madarasa aliyoyasimamia, na mengine yaliyomwiga, yalianza kumpa kila mtahiniwa karatasi ndogo ya siri kabla ya kuvuta namba, aandike ni nani katika chumba hicho hawezi kuongea naye, bila kuulizwa sababu. Watahini wawili aliofanya nao kazi mwaka 2009 walikubali kwamba alama ya Mama Seline ingeweza kubadilishwa, kwa sharti moja, mhusika mwenyewe akubali wasikilize sauti yake ikiwa imerekodiwa mahali pengine popote, bila kurudia mtihani. Hilo ndilo alilolitaka Marehemu kuliko kitu chochote, na kwa hilo alihitaji kumwomba mwanamke ambaye hakutaka kumsikiliza.

Jumatatu tarehe 7 Februari 2022, saa nne asubuhi, Marehemu alipatwa na kiharusi akiwa anamwagilia sukuma wiki nyumbani Nyalenda, akalazwa hospitalini mjini Kisumu kwa siku kumi na tisa, akatoka akitembea kwa fimbo, akielewa kila kitu, na akiwa hawezi kuongea. Mtaalamu wa tiba ya usemi, Bi Harleen, alitueleza kwamba maneno yapo, njia ya kutokea ndiyo iliyoharibika, na kwamba mgonjwa aongeleshwe kila siku, kwa lugha yoyote, na mtu asiye na haraka. Kiluo kilirudi kwanza, vipande vipande. Kiswahili kiligoma, na sisi tulimharibia zaidi kwa mapenzi yetu, maana kila alipokwama tulimmalizia sentensi, wote, hata wale aliowafundisha kuhesabu hadi kumi, mpaka akaacha kujaribu akageukia ukuta. Debra anakiri hapa mbele yenu kwamba yeye ndiye aliyemmalizia sentensi nyingi zaidi, na kwamba alijitolea kwenda yeye mwenyewe Dunga kumwombea baba yake radhi. Marehemu alipiga fimbo sakafuni kwa hasira. Deni la mdomo wake, alitaka lilipwe kwa mdomo wake.

Jumamosi tarehe 16 Aprili 2022, siku moja kabla ya Pasaka, Mama Seline alibisha hodi Nyalenda na samaki kwenye ndoo. Alikuwa amehesabu Jumamosi tisa bila mteja wake, akauliza, akaambiwa. Aliketi, akamwongelesha kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu 2014: "Mwalimu, leo mimi ndio naulizanga maswali, wewe unajibu. Kwenda pole pole. Mimi niko na siku mzima." Akamuuliza jina la samaki yule. Baba akafungua mdomo, akakwama, Debra akavuta pumzi ili alitamke, na Mama Seline, bila kugeuka, akamwinulia kiganja anyamaze. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu Baba akasema, "Ngege," na Mama akaenda jikoni kulia, akarudi kutuambia ni vitunguu, ilhali hakuna aliyekuwa amevimenya.

Mama Seline alikuja kila Jumamosi kwa miaka miwili na nusu. Hakuwa amesomea tiba wala ualimu, na ngeli zake Marehemu angeziwekea duara jekundu miaka ya nyuma, lakini alijua kungoja kuliko mtu yeyote tuliyepata kumwona, hakuonyesha huruma wala kuchoka, alitania, alibishana naye bei ya nyanya ambazo hazikuwepo, na akasimulia habari za Dunga akiishia katikati makusudi ili Baba alazimike kuuliza kilichofuata. Bi Harleen aliomba vikao hivyo virekodiwe kwa ajili ya matibabu, Mama Seline akakubali, Debra akarekodi kwa simu. Wote tulijua kwamba ndani ya simu ile kulikuwa na sauti ya kumpatia Mama Seline cheti chake mara kumi, na tulimsihi Baba aturuhusu tuipeleke. Alikataa kwa kichwa. Ruhusa iliyotolewa ilikuwa ya matibabu tu, na ya mtihani ilikuwa haijaombwa.

Aliiomba Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, takriban miaka kumi na mitano baada ya mtihani. Alikuwa amefanya mazoezi peke yake mbele ya kioo cha bafuni kwa wiki nyingi, tukisikia na kujifanya hatusikii. Alimngoja Mama Seline aketi, akashika ncha ya meza, akaanza. Debra alikuwa anarekodi kama kawaida, na ndiyo maana tunajua ilichukua muda gani. Alisema, "Seline. Siku ile. Nilikosea. Hukushindwa. Nilishindwa mimi. Naomba sauti yako. Niipeleke." Maneno kumi na moja, na katikati yake vimya virefu ambavyo Mama Seline hakuvijaza hata kimoja, mikono yake ikiwa mapajani, macho yake kwa Baba, na simu ilipozimwa ilionyesha dakika nne na sekunde sita.

Mama Seline alijifuta uso kwa leso, akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Peleka." Kisha akaongeza, kwa sababu yeye ni yeye, "Lakini hiyo kuongea yako, mimi naipea kumi na nane." Baba alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Familia inataka mjue kwamba hicho kicheko ndicho tulichobaki nacho, na kwamba tangu siku hiyo alilala usingizi mzito kama mtu aliyetua gunia.

Watahini wale wawili walisikiliza, kila mmoja kwake, na cheti cha Mama Seline kilitoka Jumatano tarehe 2 Aprili 2025. Mwezi wa Mei akina mama wa Dunga walimchagua katibu wao, na barua ya kwanza aliyoiandika kwa wadhifa huo aliileta Nyalenda isomwe kwa sauti. Marehemu aliisikiliza hadi mwisho, hakukata kitu.

Kiharusi cha pili kilimpata Jumanne tarehe 17 Juni 2025, akarudishwa hospitalini, na Alhamisi tarehe 19 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na Mama, akapumzika. Hakusema neno la mwisho, na hatukulitafuta. Yaliyokuwa ya kusemwa alikuwa ameyasema, kwa shida, moja moja, na ndiyo nafuu tuliyowaambia tangu mwanzo.

Ameacha mjane, Rachael Nakhungu, watoto watatu, wajukuu saba, na kanda mia mbili na kumi na sita ambazo Wakoli ameahidi kuzitunza. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mara zote mbili, Bi Harleen kwa subira yake, majirani wa Nyalenda waliotuletea uji na viti bila kuombwa, walimu na watahini wenzake waliobeba jeneza leo asubuhi, wanakanisa wote kwa sala, na Ouma, aliyelichonga jeneza hili kwa mikono yake kwa mbao za mashua. Ouma ameketi hema la kushoto na Mama Seline hema la kulia, kama ipasavyo, wakitazama pande mbili tofauti, na hakuna mtu hapa asiyeelewa wanachoambiana.

Mwalimu, Baba, muda umekwisha na karatasi imekusanywa. Ulitufundisha kungoja, nasi sasa tutangoja. Nyamaza kwa amani, hakuna atakayekukata alama.